Kamba Moja, Mashamba Mawili

Hasamba, Mbozi
20 Julai 2024

Bibi Fides,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujanisalimu, maana nakujua, utasahau.

Hapa tupo. Baridi imetukalisha jikoni wote, wanadamu na kuku, na kuku ndio wenye nafasi nzuri. Shangazi yako Erica amerudi jana kutoka kuuza maharage huko Tunduma, akanipa habari zako nikiwa nimesimama, hata stuli hakunipa. Eti mtihani wa majaribio, huo mnaouita moko, umepata F ya Hesabu. Eti umesema kwenye mtihani wa taifa wa Novemba utaandika jina na namba, halafu utalaza kichwa juu ya karatasi mpaka kengele ilie. Bibi, kulala si ungelala huku kwetu bure? Mpaka shuleni?

Karatasi yenyewe ameniletea. Nimeiona ile ngazi ya mita tano iliyoegemezwa ukutani, mguu wake uko mita tatu kutoka kwenye ukuta, eti imefika juu kiasi gani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini paa nimeezeka. Ngazi haiwekwi mbali hivyo! Huyo fundi anataka kufa, na mwalimu wako badala ya kumwita ashuke anauliza amefika wapi.

Mama yako hajambo. Ile miche ya kahawa mliyojaza pamoja kwenye viriba likizo ya mwaka jana imekuwa mizuri mpaka watu wanaionea wivu. Kila asubuhi anaikagua kana kwamba ilitoroka usiku. Anangoja mvua tu aihamishie kwenye shamba lake la barabarani. Kinachoniwasha ni baba yako mkubwa Enoka. Analitaka shamba hilo hilo, ajenge duka la mbolea na dawa za mimea. Nimemwambia amngoje baba yako arudi na lori lake kutoka Kongo.

Sasa nisaidie, jambo hili ni la haraka. Kanisani wametoa sheria mpya, kwaya ya vijana wastani wa umri usizidi miaka thelathini. Waimbaji wapo kumi na wawili, wastani wao ishirini na tano. Nataka kuingia mimi, wa sabini na nane. Na Mama Ikupa anataka kuingia, ana sabini na nne na sauti ya mlango mbovu. Tukizidisha wastani, tutaingiza watoto wa miaka kumi kumi ili kuushusha. Watoto wangapi? Jumapili ya kwanza ya Agosti wanasoma majina. Usiponijibu nitaaibika.

Babu yako anayehangaika,
Raphaeli


Tunduma
28 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Sijasahau, unaona?

Kwanza Shangazi Erica nitamnunia. Nilimwambia siri, yeye kaipeleka jikoni. Lakini ni kweli, babu, Hesabu zimenishinda. Mwalimu Ombeni akiandika ubaoni mimi nasikia honi za malori tu. Foleni ya mpakani imefika mpaka karibu na ukuta wa shule, nami nawaza labda la baba limo. Natamani niruke ukuta nikapande lolote linaloondoka.

Kuhusu kwaya yako nilikaa nayo siku mbili. Umri wa wale kumi na wawili ukijumlishwa ni mia tatu. Ukiingia wewe inakuwa mia tatu sabini na nane kwa watu kumi na watatu, wastani ishirini na tisa na kidogo. Kwa hiyo wewe peke yako unapita, babu! Akija Mama Ikupa ndipo mambo yanaharibika, wastani unakuwa thelathini na mbili na kitu. Mtoto mmoja hatoshi. Wawili wanatosha, mnakuwa kumi na sita, wastani ishirini na tisa na nusu.

Ila usichekelee. Mwalimu Ombeni anasema wastani unaweza kumficha mtu. Mtu akisikia ishirini na tisa na nusu hatajua kuna mzee wa sabini na nane amejibanza katikati. Nilicheka darasani peke yangu, nikasimamishwa.

Na fundi wako amefika mita nne. Kama ameanguka, hawajaandika.

Mwambie Baba Mkubwa aache shamba la mama. Mimi nilibeba udongo wa vile viriba kwa kichwa.

Mjukuu wako,
Fides


Hasamba
8 Agosti 2024

Bibi Fides,

Umenivusha. Majina yamesomwa na langu limo. Mama Ikupa amewaazima wajukuu wawili wa jirani, wanaimba kama wamekabwa, lakini umri wao ni mzuri.

Sasa kuna jingine, na hili haliwezi kungoja. Tunapokea wakwe kutoka Ileje. Wao watakuja sita, sisi tutakuwa wanane. Wazee wamebishana mpaka chai imepoa. Mmoja anasema kila mtu ampe mkono kila mtu, hata wa kwao kwa kwao, ili ionekane tumeungana. Mimi nimesema mkono wangu una baridi yabisi, nataka kujua kwanza ni mikono mingapi itashikwa humo ndani, ndipo nikubali au niugue. Watu kumi na wanne, kila mmoja na mwenzake mara moja. Piga.

Enoka alikuja tena jana. Hakai. Anazungukazunguka uani, anapiga jiwe teke, anaulizia hali ya hewa, mwisho anafika kwenye shamba la barabarani. Anasema hataki kumnyang'anya shemeji yake, anataka wabadilishane. Atampa kipande cha kule bondeni, sawa kwa sawa. Mama yako amenyamaza. Unamjua anavyonyamaza, mtu unatamani akutukane.

Baba yako nimempigia, simu inaongea Kizambia.

Jibu upesi. Wakwe wako njiani.

Babu,
Raphaeli


Tunduma
25 Agosti 2024

Babu,

Shikamoo ya kulazimishwa.

Mikono ni tisini na mmoja. Kila mtu kati ya kumi na wanne anashika mikono kumi na mitatu, unazidisha, halafu unagawa kwa mbili kwa sababu mkono ninaokupa ndio huo huo unaonipa. Nililipata mwenyewe. Nilimwonyesha Mwalimu Ombeni, akanipa vema kubwa, akaniuliza wakwe ni wa nani.

Leo Shangazi Erica amekuja kunitembelea, nami nikamwuliza wakwe wamefikaje. Akaniuliza, "Wakwe gani?" Nikamwambia wa Ileje. Akaniuliza, "Nani anaoa?" Nikamwuliza na kwaya je? Babu, alikaa chini kwenye majani ya bwenini akacheka mpaka matroni akatoka kuangalia nani analia. Hakuna sheria ya kwaya. Hakuna wastani. Mama Ikupa ni mgonjwa wa miguu hata kanisani haendi!

Mimi nimeacha kulala kwa ajili ya aibu yako. Nimepiga hesabu za watu wasiokuwepo.

Najua ulitaka nini. Na sikatai, jaribio la juzi nimepata arobaini na mbili, sijawahi. Lakini umenidanganya ukiwa na uso mkavu, na kwa herufi nzuri kabisa. Kuanzia leo swali lolote litakalotoka kwako nitalijibu linavyostahili. Umesikia?

Fides
(bibi yako si mimi tena)


Hasamba
12 Septemba 2024

Bibi Fides,

Nimekoma. Piga magoti kwa niaba yangu, yangu hayakunjiki.

Sasa nisikilize, hili ni la kweli. Naapa kwa jina la bibi yako ambalo wewe umelirithi.

Baba yako amepatikana kwenye simu. Yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, foleni imemkamata, ana homa na hasira. Nilimweleza habari ya Enoka, akasema, "Baba, amua wewe, ila mke wangu asipunjwe." Akakata. Ikabaki kwangu.

Nikaitoa ile kamba. Unaijua, ya katani, inaning'inia juu ya mlango wangu. Baba yangu aligawa mashamba yote ya ukoo kwa kuzungusha kamba hiyo, na hajawahi kushitakiwa. Tukazungusha shamba la mama yako. Limekaa kama meza, hatua hamsini kila upande. Kamba ikafunga, fundo kwa fundo. Tukashuka bondeni. Enoka amekata kipande pembeni mwa shamba lake kubwa, kando ya mto, urefu hatua tisini, upana hatua kumi. Tukazungusha. Kamba ikafunga pale pale, fundo kwa fundo! Hakuna hata kidole kilichobaki.

Lakini Fides, macho yangu yanakataa. Kile kipande ni kama mkanda wa suruali. Nilimwambia Enoka hivyo, akasema, "Baba, macho yanakuchezea. Tembea mpaka mwisho uone utakavyochoka." Nilitembea, nikachoka kweli. Na mtoto wangu simwoni kama mwizi, anaamini anachosema, amepaliza hata magugu ili shemeji yake akute pasafi. Kamba inasema ndiyo, tumbo linasema hapana, na mimi sina darasa la tano la kuwasuluhisha.

Kwa hiyo nijibu. Kamba ikiwa moja, shamba ni moja? Jumamosi ya tarehe ishirini na moja tunapanda miti ya mpaka mbele ya wazee. Mti ukishapandwa, kuung'oa ni matusi. Erica anakuja Tunduma kesho, mpe jibu mkononi.

Babu yako, safari hii bila mchezo,
Raphaeli


Tunduma
15 Septemba 2024

Mheshimiwa babu, mwimbaji wa sauti ya nne,

Safari hii umetunga vizuri, mpaka na homa ya baba umeitia.

Ndiyo, babu. Kamba moja, shamba moja. Kamba haidanganyi. Pandeni miti, pigeni makofi, wakwe wa Ileje wapeane mikono tisini na mmoja, na Mama Ikupa awaimbie.

Nina mazoezi ya kweli ya kufanya.

Fides


Hasamba
3 Oktoba 2024

Mwanangu Fides,

Natumaini u mzima na unasoma. Mimi si mwandishi, unanijua. Nimemwomba Erica akuletee hizi soksi na karanga, nikaona niandike mistari miwili.

Shamba tumebadilishana na baba yako mkubwa. Miti ya mpaka imepandwa. Babu yako alisita sana siku ile, alisimama na mche mkononi mpaka wazee wakamwuliza kama amelala. Akasema ngoja, mjukuu wangu wa kidato cha nne amethibitisha. Akasoma barua yako mbele yao, pale panaposema ndiyo, kamba moja, shamba moja. Nikashukuru, nikasema moyoni mwanangu amesoma, mimi ni nani.

Juzi nimeanza kupanga mashimo. Hatua tatu tatu, kama tulivyokubaliana mimi na wewe. Nimepata mistari mitatu, kila mmoja mashimo thelathini, nikafika kwenye miti ya mpaka. Ardhi imekwisha. Miche mingi imebaki kitaluni, zaidi ya nusu. Labda nimekosea kupima. Nitarudia.

Usiwaze. Soma. Enoka ameanza kuchimba msingi wa duka.

Mama yako,
Tabita


Tunduma
6 Oktoba 2024

Babu, babu, babu,

Shikamoo. Nisamehe. Nimeisoma barua ya mama nikiwa kwenye mstari wa uji, nikaangusha kikombe.

Ilikuwa kweli! Homa ya baba ilikuwa kweli! Nilidhani ni wale wale wa Ileje. Sikuwaza hata dakika moja, niliandika kwa kukukomoa, na wewe ukaenda kunisoma mbele ya wazee.

Nilikimbia kwa matroni nikaomba simu. Akauliza, "Kuna msiba?" Nikasema shamba. Akasema shamba halifi, rudi darasani. Nimeutazama ukuta mara nyingi leo, babu, ungekuwa mfupi kidogo ningekuwa Mbozi saa hii. Shangazi Erica ananingoja getini, kwa hiyo naandika haraka, usikasirikie mwandiko.

Kamba inapima mzingo. Mzingo ni safari ya kuzunguka nje. Shamba ni lile la ndani, linaitwa eneo, na la ndani halifuati la nje. La mama: hamsini mara hamsini, elfu mbili na mia tano. La bondeni: tisini mara kumi, mia tisa. Mia tisa, babu! Nusu halijafika. Na Baba Mkubwa angeamua kukata urefu tisini na tisa na upana hatua moja, kamba ingefunga vile vile, fundo kwa fundo, na mama angepanda mstari mmoja wa kahawa kama nguzo za umeme. Kuchoka ulikochoka ni kwa safari. Kahawa haipandwi kwenye safari.

Tumbo lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyelinyamazisha.

Usiende kwa Baba Mkubwa na tarakimu, atasema mtoto wa kike wa shule anamfundisha. Chukua uzi wa kushonea magunia, ufunge ncha uwe duara. Uutandike juu ya turubai uwe mraba, ujaze maharage ndani, yakae sakafuni yasipandane. Yakusanye. Halafu uzi ule ule uuvute uwe mrefu na mwembamba, ujaze tena. Yakusanye uone. Fanya peke yako kwanza, ili uamini.

Msingi asiendelee, babu. Fanya chochote. Mpaka nipate jibu lako sitakaa.

Fides


Hasamba
16 Oktoba 2024

Bibi Fides,

Kaa. Vuta benchi, kaa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikafunga mlango, nikatandika turubai chumbani. Nilijaza maharage mara ya kwanza, nikajaza ya pili, nikaona tofauti, nikakasirika. Nikabadilisha maharage, nikadhani haya ya Erica yana ubishi. Yale yale! Nikakaa kitandani nikaitazama ile kamba ya baba yangu inavyoning'inia pale juu, imetulia kama mchungaji. Miaka yote hiyo.

Sikumwambia mtu. Jumapili baada ya ibada nikamwita Enoka aje kula. Maharage ya mraba nikampa mama yako ayapike kwenye sufuria moja, ya mkanda kwenye sufuria nyingine, na nikamkataza kuuliza. Tukaketi. Mama yako akawekewa bakuli limejaa mpaka ukingoni. Enoka akawekewa lake, maharage yamejificha chini ya mchuzi.

Alivumilia vijiko viwili. Akasema, "Baba, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kula."

"Mbona shemeji amepewa beseni na mimi nimepewa dawa?"

"Mmepewa sawa," nikamwambia. "Nimeyapima mwenyewe kwa uzi mmoja."

"Uzi gani unapima maharage?"

"Uzi kama ile kamba, mwanangu. Umezunguka yako, umezunguka yake, fundo kwa fundo. Kama macho yanakuchezea, tembeza kijiko uone utakavyochoka."

Fides, kijiko kilisimama hewani. Mama yako aliinamia bakuli, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka.

Nikatoa turubai na uzi. Enoka akasema uzi unavutika. Nikampa waya. Akasema nimemwaga vibaya. Nikampa debe amwage mwenyewe. Alipiga magoti pale na suti yake ya kanisani, akatandika mraba, akatandika mkanda, akarudia, jasho linamtoka, maharage yanakimbia chini ya kabati. Mwisho akakaa juu ya turubai kama mtoto. Akasema, "Baba, sikujua."

"Hata mimi sikujua," nikamwambia, "na kamba ni yangu."

Akataka aende kufukia msingi siku ile ile. Mama yako ndipo akafungua mdomo, mara ya kwanza tangu Agosti. "Shemeji, usifukie. Duka lijenge. Mimi sitaki kurudi barabarani, vumbi la malori linakausha majani. Nataka tu miche yangu yote ipate pa kukaa."

Enoka akamtazama, akatazama bakuli. Akasema shamba la bondeni linaendelea kupanda juu, ni lake lote. Kesho yake tubebe viriba vyote, tuvipange kwa hatua tatu tatu kuanzia mtoni, na kitakapokaa kiriba cha mwisho, hapo tuhamishie miti ya mpaka. Wazee wakiuliza, atasema mwenyewe. Mwanangu ana haraka, lakini akikosea haoni aibu kurudi. Sijui kalitoa wapi hilo, si kwangu.

Jumatatu tukabeba. Enoka alihesabu hatua, mama yako alipanga, mimi nilikuwa nazunguka na toroli. Enoka akachoka, akaenda kunywa chai, akarudi, akaenda tena. Kufikia jioni mistari kumi imesimama, kila mmoja viriba thelathini, umejaa. Tukang'oa miti ya mpaka na kuipanda upya pale juu. Hakuna aliyetukana.

Mama yako amelala saa moja, ameacha hata kuikagua miche.

Babu,
Raphaeli


Tunduma
27 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo, na asante. Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka Mwalimu Ombeni akaninyang'anya, akaisoma yeye, akanirudishia akiwa amefunga mdomo kwa leso. Kesho anataka kuwafundisha kidato cha pili kwa maharage.

Lakini kuna kitu hakinipi raha. Nimekaa nacho tangu jana usiku tulipokuwa tunajisomea kwenye prepu.

Viriba vya mama tulivijaza mimi na yeye. Vilikuwa kumi na sita kwa kumi na sita, kwa sababu ndivyo vingeenea kwenye shamba la barabarani. Hiyo ni mia mbili hamsini na sita, na hakuna mche hata mmoja uliokufa, mama aliniambia. Ukiipanga thelathini thelathini, inajaza mistari minane, na wa tisa unaishia njiani. Mpaka ungekuwa pale kwenye mstari wa tisa.

Wewe umeandika mistari kumi, na umejaa. Hiyo ni mia tatu.

Babu, miche arobaini na minne imetoka wapi? Na toroli lako lilikuwa linazunguka kutoka wapi kwenda wapi, Baba Mkubwa alipokuwa anakunywa chai?

Fides


Hasamba
4 Novemba 2024

Bibi Fides,

Mvua ya kwanza imenyesha jana, naandika huku natazama mlango. Mama yako ameshashuka bondeni na jembe. Baba yako amevuka mpaka salama, analala Tunduma na lori, utamsikia akipiga honi.

Nilikuwa na kitalu changu nyuma ya jiko, wewe hukijui, Enoka hakijui, kuku ndio wanakijua. Kahawa inataka miaka mitatu kabla haijakupa kikombe cha kwanza, nami siku hizi sipendi kupanga miadi ya mbali. Nikaona hiyo arobaini na minne ikae kwa mtu mwenye nafasi ya kungoja. Isitoshe, baba yako mkubwa amepata barabara, nikaona mama yako naye aongezewe kidogo. Barabara hukuitia kwenye mzingo wala kwenye eneo, umeiacha wapi, msomi?

Hesabu yako ni sahihi kabisa, na ndicho kinachonitia wasiwasi. Wiki ijayo unaingia kwenye chumba cha mtihani, usilaze kichwa, uwajibu watahini vile vile ulivyonijibu mimi, bila huruma. Za hapa nyumbani ziache.

Na Enoka akikuuliza kuhusu ile mistari kumi, mwambie wewe Hesabu ulipata F.

Babu yako,
Raphaeli